Nilishinda Tume, mwajiri kaenda Mahakama Kuu. Sasa ananipa milioni tatu yaishe

Mzee wetu wa safu ya kazi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Kanda ya Ziwa. Naomba jina langu lisitoke, niite Mama Neema. Nilikuwa mtunza stoo kwenye kampuni moja ya kusambaza bidhaa. Nimefanya kazi pale miaka tisa, na mshahara wangu wa mwisho ulikuwa shilingi 620,000.

Mwaka juzi walihesabu stoo wakasema yamepungua madumu 41 ya mafuta ya kula, yale ya lita 20. Funguo za stoo tulikuwa nazo watu watatu: mimi, msimamizi wa ghala, na mlinzi wa usiku aliyekuwa akiachiwa. Ijumaa saa kumi jioni, nishashika mkoba niondoke, afisa rasilimali watu akanipa barua: kesho saa tatu asubuhi kuna kikao cha nidhamu. Nikauliza kama naweza kuja na mwenzangu wa kunisemea. Akasema ruksa. Lakini Jumamosi ile wenzangu wote walikuwa wamepangwa kwenye magari ya mikoani, nikaingia peke yangu. Dakika arobaini hazikufika, kikao kikaisha. Jumatatu nikapewa barua ya kuachishwa kazi.

Siku ya kumi na mbili nikawa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nikajaza fomu namba moja. Usuluhishi ulishindikana, tukaenda kwenye uamuzi. Wao walileta mashahidi wawili. Upande wangu tulikuwa mimi na kijana mmoja aliyekuwa akipakia mizigo, ambaye siku hizi yuko Geita. Nikuambie kitu kimoja, Mzee: msimamizi wa ghala alichelewa, akaja anahema, akakaa kwenye kiti akaanza kuongea, hata sikumwona akishika msahafu. Nikasema moyoni, muongo anaogopa kuapa. Na kweli alijikanyaga mwenyewe, akakubali kwamba zile kadi za stoo walizoleta hazikuwa na saini yangu.

Tarehe 14 Machi mwaka huu tukapewa tuzo, yaani uamuzi wenyewe. Tulisaini daftari la kupokelea mimi na afisa wao, mmoja baada ya mwingine. Mwamuzi kasema niliachishwa bila sababu ya haki na bila utaratibu wa haki. Nilipwe mishahara ya miezi 12, yaani 7,440,000, na notisi ya mwezi mmoja, likizo na kiinua mgongo. Jumla inapita milioni kumi kidogo. Nililia pale pale kwenye ngazi.

Nikangoja kulipwa. Tarehe 5 Mei kijana wa boda akaniletea bahasha nene. Karatasi zaidi ya thelathini, zote Kiingereza, na muhuri wa Mahakama Kuu wa tarehe 22 Aprili. Neema yuko kidato cha nne, akanisomea. Mwajiri anaomba tuzo itenguliwe.

Tangu siku hiyo sijalala. Shemeji yangu anasema kesi inaanza upya, nimtafute yule kijana wa Geita na nauli yake. Jirani yangu anasema mwajiri akishafungua Mahakama Kuu, tuzo imekufa mpaka jaji aifufue. Na afisa rasilimali watu kanipigia mara mbili kwa upole ambao sikuwahi kuusikia miaka tisa: "Mama, chukua milioni tatu uje usaini hapa ofisini, yaishe. Ukishindwa Mahakama Kuu utalipa mpaka mawakili wetu." Ada ya Neema sijamaliza. Milioni tatu nazihitaji kesho.

Nichukue?

Mama Neema

*

Marahaba Mama Neema, na pole.

Barua yako nimeipata tarehe 9 Mei. Nilipofika kwenye ile sentensi ya kijana wa boda niliacha kusoma nikachukua kalenda. Kwa kanuni za Mahakama ya Kazi, yaani kitengo cha kazi cha Mahakama Kuu, mtu aliyeletewa maombi kama hayo ana siku 15 tangu akabidhiwe karatasi, awe ameshapeleka majibu yake kwa kiapo. Wewe zako zinaishia tarehe 20. Ndiyo maana nilimwomba mhariri namba yako nikakupigia jioni ile ile, tukaongea mpaka salio likakata. Ninayoandika hapa mengi umeshayasikia. Nayaandika kwa sababu najua kuna wasomaji wengine wana bahasha kama yako, wameiweka kabatini chini ya nguo.

Kabati hilo nalijua. Nilipokuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi, mwanachama wetu mmoja alishinda Tume, mwajiri akaenda Mahakama Kuu, bahasha ikaja. Nikamwambia tulia, wito ukifika tutakwenda kueleza. Nilidhani ni kama Tume, unaitwa, unakaa, unasimulia. Tulipokuja kushtuka, muda wa kujibu ulikuwa umepita na jaji alikuwa ameshaanza kusikiliza upande mmoja. Tuliomba kuongezewa muda, na ilinibidi nieleze kwa kiapo kwa nini nilichelewa. Hakuna aya ngumu niliyowahi kuandika kama ile, maana ukweli ulikuwa kwamba sikujua, na kutojua sheria hakukubaliwi kama sababu.

Kwa hiyo kwanza tarehe 20, mengine baadaye.

Sasa nikueleze ulikoingia, maana shemeji yako amekuelekeza njia ya Geita bure. Hiki walichofungua kinaitwa maombi ya marejeo. Kesi ya madumu 41 haianzi upya. Hakuna shahidi atakayeitwa, hakuna kielelezo kipya kitakachopokelewa. Jaji ataletewa jalada lote la Tume: mwenendo, yaani yale mwamuzi aliyokuwa akiandika mnavyoongea, pamoja na vielelezo na tuzo yenyewe. Atasoma, atasikiliza hoja za pande zote, mara nyingi kwa maandishi, kisha ataamua kama mwamuzi alifanya kazi yake sawasawa. Nilikuambia kwenye simu kwamba safari hii aliyepandishwa kizimbani ni mwamuzi, wewe na mwajiri mnagombania karatasi zake. Ulicheka, lakini ndivyo ilivyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa aliyeshindwa wiki sita, siku 42, tangu siku aliyokabidhiwa tuzo. Pale tu anapodai kuwa tuzo ilipatikana kwa njia chafu, rushwa na mambo kama hayo, ndipo wiki sita zinahesabiwa tangu alipogundua. Nilihesabu yenu: kutoka 14 Machi mpaka 22 Aprili ni siku 39. Walibakiwa na siku tatu tu, ila wako ndani ya muda, hapo hatuna la kushika. Lakini kila anayenisoma na ameletewa bahasha ahesabu. Nimeona watu wakihangaika na hoja nzito za sheria wakati mwajiri alikuja siku ya 50 bila kibali cha kuongezewa muda, na daftari la kupokelea liko pale pale Tume na saini yake.

Tuzo haitenguliwi kwa sababu tu mwajiri hakuipenda. Sheria inataka aoneshe kwamba mwamuzi alifanya utovu wa nidhamu katika kazi yake, au tuzo ilipatikana isivyo halali, au inakwenda kinyume cha sheria, au haina mantiki kabisa. Kanuni za Mahakama ya Kazi za 2007 zinaongezea: mwamuzi alitumia mamlaka asiyokuwa nayo, alikataa kutumia aliyokuwa nayo, alikiuka taratibu kwa kiasi kikubwa, au alifanya kosa linalogusa kiini cha shauri na kuleta dhuluma. Vitabuni marejeo ni mlango mwembamba kuliko rufaa. Kwa vitendo, Mama Neema, majaji wengi husoma ushahidi mzima, kwa hiyo usibweteke ukadhani hawatagusa madumu.

Nimesoma hati ya kiapo ya mwajiri uliyonitumia kwa picha. (Ni kweli, sheria ilibadilishwa mwaka 2021 Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, lakini mawakili wengi bado Kiingereza kimewakaa mkononi. Wewe jibu kwa Kiswahili bila aibu.) Ukiondoa mapambo, wana malalamiko matatu: mwamuzi hakuupima ushahidi wao, mwamuzi alikosea kusema utaratibu ulikiukwa, na miezi 12 ni mingi.

La pili ndilo jepesi kwako, na nataka ulione kwa macho ili ujue hati kinzani, yaani yale majibu yako kwa kiapo, inavyoandikwa. Aya yao ya 6 inasema mjibu maombi, ambaye ndiye wewe, alipewa muda wa kutosha kujiandaa na kikao. Watu wengi wangejibu hapo kwa ukurasa mzima wa uchungu, jinsi walivyotumikia kampuni miaka tisa, watoto, ada. Hati ya kiapo haitaki hayo. Inataka kitu kama hiki: "Kwamba yaliyomo kwenye aya ya 6 yanakanushwa. Barua ya kuitwa kwenye kikao nilikabidhiwa Ijumaa saa kumi jioni na kikao kikafanyika Jumamosi saa tatu asubuhi. Barua hiyo ilipokelewa na Tume kama kielelezo." Basi, nukta. Kuanzia saa kumi jioni mpaka saa tatu asubuhi ni saa 17. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinasema muda wa kujiandaa usipungue saa 48, na kwamba mfanyakazi ana haki ya kusaidiwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake. Ruksa ya kuja na mwenzako, siku ambayo wenzako wote wamepakiwa kwenye magari, hiyo mwachie jaji aipime. Hoja za sheria zitakuja baadaye kwenye maandishi ya hoja. Kiapo kinabeba yale unayoyajua mwenyewe, na kila aya yao unaijibu: hii naikubali, hii naikanusha, hii ni hivi. Aya utakayoiruka, wakili wao ataichukua kama umeikubali.

Kuhusu ushahidi, kumbuka jambo ambalo waajiri wengi hulisahau wakifika Mahakama Kuu: kwenye kesi ya kuachishwa kazi, mwajiri ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alimwachisha mtu kwa haki. Wewe hukutakiwa kuthibitisha kwamba hukuiba. Walileta kadi za stoo zisizo na saini yako, funguo zilikuwa mikononi mwa watu watatu, na shahidi wao mwenyewe akakubali. Tafuta ukurasa ambao msimamizi wa ghala amesema hayo, uandike namba yake. Jaji ana majalada mengi mezani, ukimwambia "mwenendo, ukurasa wa 17, mstari wa tano" umemsaidia, na umejisaidia zaidi wewe.

Na kuhusu miezi 12, hapo ndipo mwajiri ana hesabu yake. Mwamuzi wako aliona kasoro pande zote mbili, kwenye sababu na kwenye utaratibu. Wakifanikiwa kumshawishi jaji kwamba sababu ilikuwepo na kilichoharibika ni utaratibu peke yake, wana hoja ya kuomba fidia ipunguzwe. Kwa hiyo usiegemee zile saa 17 peke yake kwa kuwa ni tamu. Nguvu kubwa iende kwenye kadi za stoo na funguo.

Sasa nirudi kwenye lile lililoninyima usingizi. Uliandika kwa furaha kwamba msimamizi wa ghala alikaa akaanza kuongea bila kushika msahafu. Uliona ni ushindi wako. Mimi nilishika kichwa. Mahakama ya Rufani imeshasema, na zaidi ya mara moja, kwamba shahidi mbele ya mwamuzi lazima ale kiapo au atoe uthibitisho (ahadi ya kusema kweli kwa asiyeapa kwa dini) kabla ya kusema neno, na ushahidi usio na kiapo hauna thamani. Kuna mashauri yaliyofika mpaka kule juu, watu wameshinda Tume, wameshinda Mahakama Kuu, wakaenda kukwama kwenye hilo: mwenendo ukabatilishwa, tuzo ikaenda nayo, jalada likarudishwa Tume lisikilizwe upya mbele ya mwamuzi mwingine. Lililo kama hilo ni saini: mwamuzi anatakiwa asaini mwisho wa ushahidi wa kila shahidi, na kukosekana kwake kumewahi kuangusha kesi vile vile. Mfanyakazi anaumia kwa jambo ambalo hakulifanya wala hakuwa na uwezo wa kulizuia. Mimi binafsi naona ni uchungu mkubwa, mtu angojee miaka kisha aambiwe arudi mwanzo kwa sababu ya sentensi moja ambayo haikuandikwa. Lakini mahakama nazo zina hoja yao, maana bila kiapo kila mtu angesimulia apendavyo.

Nikakuuliza kwenye simu, una uhakika? Ukasema hukumwona. Nikakwambia kutoona kwako si ushahidi, mahakama huamini kilichoandikwa kwenye kumbukumbu. Kesho yake nenda ukaombe nakala ya mwenendo. Ukaenda. Jumatatu asubuhi nikapata picha kwenye simu, imepinda kidogo, kidole chako kimeingia pembeni: jina la shahidi, umri, dini yake, kisha "ameapa na kueleza kama ifuatavyo". Chini kabisa, ukurasa wa pili yake, saini ya mwamuzi. Ndipo ukakumbuka kwamba ulikuwa umetoka nje kumpokea mtoto wa mwisho kwa dada yako, na ulivyorudi jamaa ameshaanza kuongea. Mama Neema, umenizeesha mwaka mzima kwa wikiendi moja.

Ningekuta kiapo hakipo, ningekuambia jambo jingine: mshauri wakili wako aombe ushahidi wa shahidi huyo ufutwe, kisha jaji aangalie unaobaki, kwa sababu ukimfuta shahidi wa mwajiri ni mwajiri anayebaki na mzigo asioweza kuubeba. Jaji angeweza kukubali au kukataa. Lakini hilo sasa liache.

Umeuliza kama tuzo imekufa. Haijafa. Tuzo ya Tume inakaziwa, yaani mwajiri analazimishwa kuitekeleza, kupitia Mahakama ya Kazi kama hukumu nyingine yoyote, na mwajiri kufungua marejeo peke yake hakuizuii. Anayetaka isimame anatakiwa aombe zuio, na mahakama inaweza kumpa, tena ikaona inafaa aweke dhamana. Wengi hawaombi mpaka waone mfanyakazi ameanza kukazia. Kwa hiyo, pamoja na hati kinzani, fungua maombi ya kukazia tuzo kwa Naibu Msajili. Sikudanganyi kwamba dalali wa mahakama atafika ghalani wiki ijayo kufunga minyororo. Uwezekano mkubwa watakimbilia zuio, na watalipata. Ila watakuwa wamelazimika kusimama mbele ya mahakama na kusema kwa nini, na hapo ndipo suala la dhamana linaweza kuibuliwa. Mtu ambaye pesa yake imeshikiliwa mahali huongea lugha tofauti na yule ambaye pesa bado iko kwenye akaunti yake.

Vilevile kagua kama walijaza Tume ile fomu namba 10, notisi ya kusudio la kuomba marejeo. Mapingamizi ya awali, yaani hoja za kutaka maombi yatupwe kabla hayajasikilizwa, yamewahi kujengwa juu yake. Usiiegemee peke yake, lakini kama haipo, mwakilishi wako ajue mapema.

Mwakilishi huyo si lazima awe wakili. Mahakama ya Kazi inakuruhusu usimamiwe na afisa wa chama chako cha wafanyakazi, au mtu binafsi uliyemchagua, au wakili. Uliniambia ulikuwa ukikatwa ada ya chama kila mwezi kwa miaka yote tisa. Nenda ofisi ya mkoa ya chama chako na hati zako za mshahara mkononi, uwaoneshe makato. Wakikuzungusha, tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kuna watoa msaada waliosajiliwa ambao hawatozi. Kiapo chenyewe utakila mbele ya kamishna wa viapo, na beba kitambulisho. Nyaraka zinaingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki wa Mahakama, kwa hiyo usipange kwenda tarehe 20 saa tisa alasiri, mtandao haujui siku yako ya mwisho.

Lile la kulipa mawakili wao ni vitisho. Kwenye mashauri ya kazi, kila mtu hubeba gharama zake, isipokuwa kwa anayeleta shauri la kipuuzi au la kusumbua tu. Wewe hukuleta, umeletewa. Afisa huyo analijua hilo, au anapaswa kulijua kwa kazi anayoifanya.

Sasa milioni tatu.

Sitakuambia usichukue kitu. Kuna watu wanaokaa kwenye kiti kama changu wanashauri kupigana mpaka mwisho, kwa kuwa ada ya Neema hawailipi wao. Mwajiri akishindwa Mahakama Kuu bado anaweza kwenda Mahakama ya Rufani, ingawa kule ni kwa hoja ya sheria pekee, hawasikilizi tena habari za madumu. Inaweza kuchukua muda ambao mtoto atakuwa ameshamaliza shule. Nalijua hilo. Lakini tazama wanachonunua. Una tuzo ya zaidi ya milioni kumi, mwenendo uliokaa sawa, kiapo kipo, saini zipo, mwajiri mwenye kadi za stoo zisizo na saini na kikao cha saa 17. Ndani ya hizo milioni kumi kuna likizo uliyoifanyia kazi, ambayo ni yako hata kama fidia ingepunguzwa. Wakikupa tatu, sehemu yake wanakupa fedha zako mwenyewe. Na wamepiga simu mara mbili ndani ya siku nne. Kampuni yenye uhakika na maombi yake haina haraka hiyo.

Ningekuwa mimi, ningerudisha neno la milioni nane, nikijua moyoni kwamba saba naweza kuzungumza. Namba hiyo ni yako kuamua, pengine kwako ni sita, sitakulaumu. Lisilo na mjadala ni namna. Usiende ofisini kusaini. Karatasi unayosainishwa kule itaandikwa kwamba umelipwa haki zako zote na huna dai lolote, kisha malipo yatakuwa "kwa awamu", awamu ya kwanza laki tano. Makubaliano yaandikwe, yataje kiasi na tarehe, yapelekwe mahakamani yasajiliwe yawe hukumu ya makubaliano, na wao waondoe maombi yao siku hiyo hiyo. Wasipolipa, unakazia hukumu hiyo, huanzi kugombana upya.

Na afisa akipiga tena kwa ule upole wake, mwambie: "Nimekusikia kaka, niandikie kwa barua, mwakilishi wangu atajibu." Halafu mwulize hali ya watoto, umkatie simu vizuri.

Kijana wa Geita usimlipie nauli. Ila hifadhi namba yake mahali pawili, jaji akiamua jalada lirudi Tume utamhitaji. Wakati naandika haya zimebaki siku sita. Rasimu yako ya aya kumi na nne nimeisoma jana usiku. Aya ya 9 umeandika "aliniangalia kwa dharau", hiyo itoe. Nyingine zimekaa vizuri, peleka kwa kamishna wa viapo.